Mgeni Asiyelalamika

Kule hotelini walimwita Bi Karibu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi matupu. Lile neno lilimtoka mdomoni likiwa laini, refu, limepigwa pasi, kiasi kwamba wahudumu wapya walikuwa wakijifungia stoo kumwigiza. Siku moja aliwakuta. Akasimama mlangoni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aliyekuwa akiigiza, "Umeinua sauti mwishoni. Ukiinua sauti, mgeni anadhani unamuuliza kama amepotea njia." Akaenda zake. Tangu hapo walimwogopa zaidi, na wakampenda kidogo zaidi pia.

Cheo chake kilikuwa meneja wa huduma za wageni, kwenye kisiwa ambacho hakikuwa na kitu kingine ila hiyo hoteli. Ungeweza kukizunguka kisiwa chote kwa miguu na bado usitokwe jasho, na popote ulipokanyaga palikuwa pamefagiliwa. Kazi yake ilikuwa kujua. Ajue kwamba bwana wa vila ya mwisho analalia mto mwembamba na mkewe anataka miwili minene. Ajue kwamba yule bibi mrefu hapendi kuulizwa habari za mumewe. Kabla mgeni hajafika, mmoja wa vijana wa idara yake ilikuwa lazima apige simu kuuliza: huyu mtu anaamka na nini, analala vipi, kitu gani kinamkera. Sharti hilo alilitunga mwenyewe na halikuwa na mjadala. Mtu asishuke kwenye boti nasi hatumjui, ndivyo alivyowaambia.

Alikuwa pia na imani moja, aliyoipata kwa kuwatazama watu wakija na kuondoka. Mgeni anayelalamika, alisema, huyo ni wetu. Anayenung'unika kwamba maji hayana moto, anayenuna kwa sababu ya kelele za vyombo, huyo ameshaanza kupaona ni kwake, na mwakani utamwona gatini na mabegi yake. Wa kuogopa ni yule anayetabasamu, anayekwambia kila kitu kizuri, asante sana. Huyo akipanda boti, ndiyo imetoka hiyo.

Sasa mwanamke huyu aliyejua mito ya watu wote alikuwa na binti mmoja, ng'ambo, mbali, kwa dada yake. Alimwacha huko meno yake ya mbele ndiyo kwanza yanalegea. Baba wa mtoto alikuwa ameshajiondokea kitambo, akaacha mkanda mmoja wa suruali na ahadi chungu nzima. Kazi ya kisiwani ikatokea, na kisiwani watoto wa wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa. Dada yake akamwambia, "Niachie mimi. Nenda, ukitulia utamchukua." Akaenda. Kutulia ndiko kulikochelewa. Alianzia mapokezi, akapanda cheo, akapanda tena, na kila alipopanda likizo zilizidi kuwa fupi. Mtoto akamzoea mama yake mkubwa, akamwita Mama, maana ndiye aliyekuwa akimwamsha asubuhi na kumpangusa kamasi. Aliyemzaa akamwita Mama Kisiwa.

Na kila likizo ilipokwisha, mtoto alisimama mlangoni. "Unakwenda wapi?"

"Kazini, mwanangu."

"Kazini ni wapi?"

Naye alinyoosha mkono upande wa bahari, haraka haraka, kwa kuwa gari lilikuwa linasubiri.

Alimkumbuka mwanawe vibaya sana, na hamu hiyo haikuwa na adabu. Ilimjia katikati ya kazi. Aliwahi kumwona mama mmoja, mgeni, akimsuka bintiye mezani wakati wa kifungua kinywa. Alisuka ovyo, nywele zinatoka huku na huku, mtoto analalamika na mama anamwambia tulia. Bi Karibu alilazimika kwenda kukagua maua ya ukumbini, yaliyokuwa hayana tatizo lolote. Zamani binti yake alikuwa msemaji hivyohivyo. Alimwita Chiriku. Alikuwa anaongea akila, anaongea akiogeshwa, anaongea mpaka usingizi unamkata neno katikati. Siku hizi kwenye simu alijibu kwa adabu, na ukimya ulipozidi alisema, "Haya, nikupe Mama."

Mwaka huo bosi mkubwa alimkubalia ombi alilolipeleka tangu zamani. Alipewa nyumba ya wafanyakazi kwenye mji mdogo wa ng'ambo ya pili, pale boti zinapotokea, awe anavuka asubuhi na kurudi jioni kama watu wengine wenye kwao. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na shule ilikuwa karibu. Binti naye alikuwa anamaliza shule ya msingi. Alimpigia dada yake, akayasema yote kwa pumzi moja.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi siwezi kumjibia," akasema. "Ni mkubwa sasa. Muulize mwenyewe. Na akikataa, mdogo wangu, usimnunie."

Palikuwa na desturi hotelini kwamba mara moja kwa mwaka, wageni wanapopungua, kila mkuu wa idara anaweza kumleta ndugu mmoja alale usiku mmoja na kuhudumiwa kama mgeni mwenye pesa zake. Miaka yote Bi Karibu alikuwa akiwaachia wengine nafasi yake, akisingizia kazi. Safari hii aliiomba, na akaomba vila ya mbele, ile nzuri kuliko zote.

Mkuu wa usafi wa vyumba, mwanamke mnene mwenye maneno machache waliyempa jina la Mama Mashuka, alimkuta humo akipanga vitu kwa mikono yake. Juu ya meza ya kitanda kulikuwa na taa ndogo ya usiku, kwa kuwa mtoto anaogopa giza. Kitandani alikaa tembo aliyekunjwa kwa taulo. Jikoni walikuwa wameambiwa waandae maziwa ya moto na mkate uliokatwa kingo.

"Umepiga simu?" Mama Mashuka akauliza.

"Simu ya nini?"

"Ya kuuliza anapenda nini. Si sharti lako mwenyewe?"

Bi Karibu akacheka. "Mwanangu wa kumzaa, nikamuulizie kwa watu?"

Mama Mashuka alimtazama tembo wa taulo, akamnyoosha mkonga uliokuwa umelegea, akatoka.

Boti ilifika mchana. Wahudumu walijipanga gatini kama kawaida, wa kwanza na vitaulo baridi, wa pili na vinywaji, na Bi Karibu mbele yao, mkono kifuani. Usiku uliotangulia alikuwa amejifunza atakachosema. Angesema, "Chiriku wangu," kisha angefungua mikono. Lakini aliyeshuka kwenye boti alikuwa msichana mrefu, mrefu kuliko yeye, mwenye viatu vilivyong'arishwa na begi lililofungwa zipu mpaka mwisho, na miguu yake ilipogusa mbao za gati, mdomo wa Bi Karibu ukafanya kazi uliyoizoea.

"Karibu sana," akasema, laini, refu. "Natumaini safari ilikuwa njema."

Msichana alisita. Kisha akapokea kitaulo kwa mikono miwili. "Shikamoo. Ilikuwa njema, asante."

"Marahaba."

Mpaka Bi Karibu anafungua mikono, mbeba mizigo alikuwa ameshasogeza kigari cha umeme katikati yao, na binti akapanda kukaa pale alipoonyeshwa.

Chakula cha jioni kilikuwa vita. Siyo vita ya kelele, ile ya kelele Bi Karibu aliimudu. Msichana alikaa peke yake kwenye meza ya watu wawili, mgongo umenyooka, na mama yake akasimama pembeni, kwa kuwa meneja haketi ukumbini saa za kazi na redio ya mkononi ilikuwa ikimwita kila dakika. Bwana mmoja ambaye begi lake lilichelewa alikuja kufoka palepale. Bi Karibu akainamisha kichwa, akamwambia, "Samahani sana kwa usumbufu, nitalishughulikia," na bwana akapoa kama uji uliotiwa kijiko. Binti alikuwa akitazama yote hayo juu ya glasi yake ya maziwa.

"Chakula vipi, mwanangu?"

"Kizuri. Asante."

"Na chumba?"

"Kizuri sana. Kila kitu kizuri. Asante."

Lile neno Bi Karibu alilifahamu, sura na sauti yake. Alijaribu mambo ya shule, akapata asante. Akajaribu habari za mama mkubwa, akapata kwamba mama hajambo, anakusalimia. Maziwa yakaisha, glasi ikarudishwa katikati ya sahani yake taratibu, na binti akaomba ruhusa kwenda kulala. Aliomba ruhusa, kwa mama yake.

Asubuhi Mama Mashuka alimwita kwenye vila. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, pembe za shuka zimevutwa, taulo zilizotumika zimekunjwa na kupangwa. Tembo alikuwa kwenye kiti, mzima, kama alivyowekwa. Hapakuwa na unywele kwenye mto.

"Msafi huyu mtoto," Mama Mashuka akasema. "Sina cha kufanya humu." Kisha akaongeza, polepole, "Pole, mwenzangu."

Bi Karibu alikaa ukingoni mwa kitanda kile, ambacho kwa kukitazama ungedhani hakikulaliwa na mtu, na kwa mara ya kwanza akaogopa waziwazi. Alikuwa na muda mpaka boti ya mchana. Alikuwa na swali moja.

Alimkuta binti kwenye benchi linalotazama maji, begi liko miguuni tayari. Akakaa naye, akazima redio, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Akamwambia habari za nyumba, jinsi madirisha yanavyopata upepo, jinsi shule ilivyo karibu, jinsi chumba cha pili kilivyo kitupu na rangi yake inaweza kuchaguliwa. Alijisikia akiuza. Alijua kuuza, Mungu amsamehe.

"Ungependa kuja tukae wote?"

Binti aliangalia viatu vyake. "Kama mnaona inafaa, sawa," akasema. "Asante."

Basi, alikuwa amekubaliwa. Mtu mwingine angelichukua lile sawa, akaliweka mfukoni, akaenda kununua mapazia. Bi Karibu aliligeuza upande huu na huu na hakuona mtoto ndani yake. Hivyo ndivyo mgeni anavyokubali kinywaji asichokitaka. Angekuja, angetandika kitanda, angesema kila kitu kizuri, na siku moja angepanda gari na kwenda zake, na mama yake angebaki na chumba kisichohitaji kusafishwa. Kilio kilimfika mpaka kwenye pua akakirudisha.

Boti ilikuwa inaunguruma gatini. Mume na mke waliokuwa wanarudi kwao walishakaa, mabegi yamefungwa, na nahodha alishika kamba. Wahudumu walijipanga kupunga mikono. Binti akageuka kuaga, akafungua mdomo, na Bi Karibu akaliona lile asante likija.

"Usiseme," akamwambia. "Niambie kitu kimoja kibaya."

"Hakuna kibaya."

"Kipo. Hakuna mtu aliyewahi kulala hapa asikose kitu. Niambie kimoja tu."

Msichana aliwatazama wahudumu, akamtazama nahodha, akatazama maji.

"Maziwa," akasema mwishowe.

"Maziwa yamefanyaje?"

"Yananiumiza tumbo. Toka zamani. Mama anajua."

"Samahani sana kwa usumbufu," Bi Karibu akasema, "nita…"

"Nitalishughulikia," binti akamalizia. "Ndivyo ulivyomwambia yule bwana wa begi. Vilevile, na kichwa hivihivi."

Wahudumu wakatafuta mahali pa kutazama. Bi Karibu alisimama na mkono wake kifuani na hakujua autoe vipi.

"Na ile taa imenizuia kulala," binti akaendelea, na sauti yake ilikuwa inatetemeka na kupanda. "Mimi siogopi giza. Niliacha kuogopa nikiwa darasa la pili. Na mkate nani anakata kingo, kingo ndiyo tamu. Na nimekula peke yangu wewe umesimama, watu wananitazama, nikajiona kama nimekosea. Na unaniambia natumaini safari ilikuwa njema. Nilitapika njia nzima. Na hujanionyesha unapolala."

"Nini?"

"Unapolala. Mimi nilikuja kwa sababu hiyo. Kila ukiondoka nakuuliza unakwenda wapi, unanyoosha mkono. Mimi nikilala nakuwa nataka kufikiria uko wapi, sioni kitu, naona maji tu. Nimefika, umenipeleka kwenye nyumba ya matajiri. Wewe hata hukai humo."

Akanyamaza, anahema, machozi yanamtoka na yeye anayafuta kwa hasira kwa ule mkono wa shati. Bi Karibu aliuona uso aliouacha mlangoni miaka yote hiyo, ulikuwa humo ndani mzima. Chumba chake kilikuwa nyuma ya dobi, chini ya mabomba, na alikuwa amepanga kila kitu ili mtoto asikione. Alidhani anamheshimu.

"Nahodha," akasema. "Subiri."

Nahodha alidhani hakusikia vizuri. Katika miaka yote waliyofanya kazi pamoja, mwanamke huyu hakuwahi kuichelewesha boti, hata siku ile aliposhikwa na homa. "Bi Karibu, wageni wana ndege."

"Subiri, ndugu yangu."

Yule mume alitazama saa yake. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba haijapata kutokea, kwamba bosi mkubwa ataambiwa. Bi Karibu alikuwa ameshamshika binti mkono na hakugeuka. "Hao watarudi," akasema, hakuna aliyemwelewa isipokuwa Mama Mashuka, aliyeziba mdomo kwa kiganja.

Walipita nyuma ya jiko, wakapita kwenye kamba za mataulo, wakafika kwenye mlango wa kijani uliobambuka rangi. Ndani kulinuka sabuni. Ukuta mmoja ulikuwa wa moto kwa sababu ya mashine za kukaushia zilizokuwa upande wa pili, na zilikuwa zikivuma bila kupumzika. Kulikuwa na kabati la bati, ndoo, kioo kidogo, viatu vya kazini vimepangwa. Kulikuwa na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa na shuka lililokunjamana na gauni la kulalia limetupwa juu. Cha pili kilikuwa kimetandikwa kama cha vila.

Binti alizungusha macho, taratibu, kitu baada ya kitu. Aliugusa ukuta wa moto, akaondoa kiganja, akakirudisha.

"Unalala na nani?"

"Peke yangu. Mameneja hatulali wawili wawili."

"Mbona kile kimetandikwa?"

Bi Karibu alinyoosha pembe ya shuka. "Nakitandika mimi," akasema. "Kila Jumapili natoa shuka natia nyingine safi. Waliwahi kutaka kukiondoa nikakataa. Ni chako, mwanangu. Nilikuwa najua huruhusiwi kuja kukaa, lakini nisingeweza kulala na kitanda chako hakijatandikwa."

Mashine zilivuma. Binti alikaa kwenye kile kitanda, akavua kwa kisigino viatu vyake vilivyong'aa, kimoja kikaanguka ubavu, akajilaza akiwa ameelekea ukutani, magoti yamekunjwa kwa sababu kitanda kilikuwa kifupi. Alikaa hivyo. Kisha akainua kichwa, akaupiga mto ngumi, akaugeuza, akaulalia tena.

"Mto mgumu," akasema.

Lile samahani lilifika mpaka kwenye ulimi wa Bi Karibu, naye akalimeza zima zima.

"Nikija kwenye hiyo nyumba yako sitaki huu. Na Mama awe anakuja, akae hata mwezi, usimpangie siku. Na ukinipikia ukae chini tule wote." Akavuta kamasi. "Na rangi ya chumba nachagua mimi. Usiniwekee ya maua."

Kule gatini boti ilipiga honi, ikapiga tena kwa muda mrefu.

"Wanakuita," binti akasema, bado ameelekea ukutani.

"Waache waite." Bi Karibu alivua viatu vyake naye, akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kichwa karibu na kile cha mwanawe. "Nini kingine, Chiriku?"

Yalikuwepo mengi.